Historia ya giaboksi iliyogoma, na karatasi za shangazi

Najua nimekuwa mtoro hapa kijiweni, wiki tatu nzima bila neno. Wapo waliodhani nimeoa kimya kimya, wapo waliodhani gazeti limenibana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nahangaika na gari. Si langu, mimi bado ni mtu wa daladala, bali la shangazi yangu wa Tabata. Na katika kuhangaika huko nikajikuta usiku wa manane nasoma hukumu za mahakama za Marekani na Australia, wakati kesho yake asubuhi natakiwa kwenye baraza la madiwani nikiwa na macho mawili. Basi leo nitue mzigo.

Shangazi anapika kwenye sherehe. Kama umewahi kula pilau kwenye harusi upande wa Tabata au Segerea, huenda umekula mkono wake. Mwaka jana alichukua mkopo SACCOS, akaongeza na hela ya kiwanja chake cha Chanika, akanunua gari jipya. Narudia, jipya. Si lile tulilozoea la kutoka Japani, lenye redio inayoongea Kijapani na stika ya shule ya chekechea ya Osaka kwenye kioo. Hili lilitoka kwa wakala likiwa na nailoni kwenye viti na kilomita hazifiki 20. Ukoo mzima tulimshangaa. Kwa hela ile angepata magari mawili ya mtumba. Jibu lake lilikuwa fupi: "Nimechoka na mafundi. Hili lina dhamana ya miaka mitatu."

Dhamana, si ile ya polisi. Ingawa kwa yaliyofuata naona zinafanana.

Mwezi wa saba gari likaanza visa. Kwenye foleni, ukiachia breki ili lisogee taratibu, linatetemeka kama mtu aliyeshikwa na malaria. Ukikanyaga mafuta linasita kidogo, kama linafikiria, halafu linaruka mbele. Siku moja pale Buguruni liliruka hivyo, sufuria la pilau la watu 60 likapinduka nyuma. Shangazi akalirudisha kwa wakala. Mara ya kwanza wakamwambia wamelipima kwa kompyuta na halina kitu. Mara ya pili wakasema wamebadilisha programu, litatulia. Likatulia siku nne. Mara ya tatu kijana mmoja wa mapokezi, mwenye tai nzuri tu, akamwambia: "Mama, ni namna unavyoendesha. Haya magari yanahitaji kuzoewa."

Shangazi ana leseni tangu 1994. Ameendesha Peugeot 504 ya marehemu mjomba hadi Songea na kurudi. Alinipigia simu jioni ile sauti ikitetemeka kuliko gari. "Wewe si mwandishi? Andika basi."

Nikaenda kwa mhariri. Akasikiliza vizuri, akauliza ni wakala gani, nikamtajia. Hakusema kitu. Akafunua gazeti la siku ile, akanionyesha tangazo la rangi lililochukua nusu ya ukurasa wa nyuma. Kisha akasema, "Andika kitu cha jumla." Basi hiki ndicho cha jumla, na wala hakitoki gazetini. Jina la wakala wala la gari silitaji hata hapa, nami nina kodi ya nyumba. Ila historia haina mwenyewe, na historia ya giaboksi za otomatiki na ahadi za watengenezaji ni tamu kuliko nilivyotegemea.

Tuanze na mashine yenyewe. Watu walianza kutafuta gari linalojibadilishia gia karibu tangu magari yaanze. Mwaka 1904 ndugu wawili wa Boston, akina Sturtevant, walitengeneza gari ambalo gia zake ziliingia zenyewe kwa nguvu ya vyuma vilivyotanuka kadiri injini ilivyozunguka kwa kasi. Tatizo ni kwamba vyuma vile vilikuwa vinachomoka. Kwa hiyo tunaweza kusema giaboksi ya otomatiki ilizaliwa ikiwa imeharibika.

Iliyofanikiwa sokoni ni Hydra-Matic ya General Motors, iliyotangazwa 1939 kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Ilikuwa na gia 4 za mbele, na badala ya klachi ya kukanyaga kulikuwa na kitu kama mabakuli mawili yanayotazamana ndani ya mafuta. Injini inazungusha bakuli la kwanza, mafuta yanalisukuma la pili, gari linakwenda. Hakuna chuma kinachoshika chuma pale kati, ni mafuta tu, na ndiyo maana gari la namna hiyo linaondoka laini kama maji. Vita vilipokuja, giaboksi hizo zikaingia kwenye vifaru vyepesi vya Marekani, M5, kila kifaru injini mbili za Cadillac na Hydra-Matic mbili. Baada ya vita tangazo likajiandika lenyewe: imepigana vitani, itakushinda wewe unayekwenda sokoni? Agosti 1953 kiwanda chake cha Livonia, Michigan, kiliteketea kwa moto, na Cadillac ikabidi iazime giaboksi za Buick ili magari yatoke kiwandani. Kufikia hapo Mmarekani wa kawaida alishaanza kuona gia za mkono ni ushamba.

Sasa, giaboksi ya namna hii ina vipande vingi, vali ndogo ndogo, pampu, klachi nyingi nyembamba zilizopangwa kama sahani. Ikiharibika, fundi wa mtaani hana ujanja, na bei yake inaumiza. Hapo ndipo ahadi ya mtengenezaji inapokuwa na maana. Na ahadi ilikuwaje?

Miaka ya 1950 ahadi ilikuwa siku 90 au maili 4,000, yaani kama kilomita 6,400, kimojawapo kikifika kwanza. Chama cha watengenezaji kilikuwa na maandishi ya aina moja ambayo karibu wote waliyatumia. Mwaka 1958 wanachama wake walitengeneza asilimia 93.5 ya magari madogo ya Marekani, kwa hiyo kuhama duka hakukusaidia kitu, kila mlango ungekuta karatasi ile ile. Ilisema kampuni itabadilisha kipande kibovu, basi. Tena kipande hicho ukipeleke kiwandani, usafiri juu yako, kampuni ikishakiangalia na kuridhika kwamba kweli ni kibovu ndipo inakupa kingine. Na karatasi ikamalizia kwa kusema hiyo ni badala ya ahadi nyingine zote, za wazi au za kudokezwa.

Mei 1955 bwana mmoja wa New Jersey aitwaye Claus Henningsen alinunua Plymouth mpya kama zawadi ya Siku ya Akina Mama. Siku kumi baada ya kuichukua, ikiwa na maili 468 tu, mkewe Helen alisikia kitu kimekatika chini ya boneti, usukani ukazunguka wenyewe, gari likaingia ukutani. Kampuni ikasema: soma nyuma ya mkataba. Na kweli, nyuma kulikuwa na maandishi yale, herufi ndogo za kuumiza macho, inchi nane na nusu za maneno. Mahakama ya Juu ya New Jersey ikaamua mwaka 1960 kwamba hapana. Mnunuzi ambaye hana pa kwenda hawezi kuhesabiwa amekubali kwa hiari yake, na gari linalouzwa lazima liwe gari linalofaa kuwa gari, hata kama karatasi inasema vingine. Usukani si giaboksi, najua. Lakini kila aliyekwenda mahakamani baadaye na giaboksi yake mkononi alipita njia iliyofyekwa na mama Henningsen.

Kisha yakaja mashindano. Chrysler, ambayo sifa ya ubora wake ilikuwa imechafuka, ilitangaza kwa magari ya 1963 dhamana ya miaka 5 au maili 50,000 kwa injini, giaboksi na vinavyosukuma magurudumu. Toka siku 90 hadi miaka 5! Watu wakakimbilia. Wenzao wakafuata shingo upande, halafu wote wakagundua kwamba ahadi ina gharama, na miaka ya 1970 ilipoanza walikuwa wameshaikata tena. Mimi hapa nilicheka peke yangu sebuleni, maana ni kama vifurushi vya simu: kinakuja kizuri, mnakizoea, kinaondoka.

Mwaka 1975, Januari 4, Rais Gerald Ford (si yule wa magari) alitia saini sheria ya Magnuson-Moss. Sheria hiyo haikumlazimisha mtu kutoa dhamana. Ilisema ukitoa, uiandike kwa lugha inayoeleweka, useme wazi kama ni kamili au ina mipaka, na huwezi kuitumia kufuta haki ambazo mnunuzi tayari anazo kisheria. Kuna kipengele kimoja ninachokipenda sana: kampuni hairuhusiwi kusema dhamana imekufa eti kwa sababu umebadilisha oili kwa fundi mwingine au umefunga kichujio cha kampuni nyingine, isipokuwa kama yenyewe inakupa vitu hivyo bure. Na ukishinda kesi, mahakama inaweza kuamuru kampuni imlipe wakili wako. Hili la mwisho ndilo lililobadili mchezo. Kesi ya giaboksi ni ya hela ndogo kwa wakili na hela kubwa kwa shangazi.

Hata hivyo sheria haikuwa dawa ya kila kitu. Baada ya mafuta kupanda bei 1973, General Motors ilikuwa inapunguza uzito wa magari kila mahali, na ikatoa giaboksi nyepesi iliyoitwa THM 200. Wamiliki wa magari yaliyotengenezwa kati ya 1976 na 1979 walifungua kesi wakidai waliwekewa hiyo badala ya THM 350 iliyokuwa imara zaidi, bila kuambiwa. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa ya Chicago ikawaambia kwamba chini ya sehemu ile ya sheria mpya, "dhamana ya maandishi" ni ile karatasi ya ahadi yenyewe, si kila neno lililotamkwa kwenye vipeperushi na matangazo. Kesi ilikuja kumalizwa kwa makubaliano miaka kadhaa baadaye. Lakini nilipoisoma nilikumbuka kijana wa shorumu aliyemwambia shangazi "mama, hili ni la kustaafia". Je, lipo kwenye karatasi? Halipo.

Mwaka 1982 jimbo dogo la Connecticut likatunga sheria ya kwanza ya "limau". Wamarekani gari bovu kutoka kiwandani wanaliita limau, sijui limewakosea nini, mimi pilau bila kachumbari ya limau siiwezi. Mbunge wa jimbo, John Woodcock, ndiye aliyeibeba. Hesabu yake ilikuwa rahisi hata kwa mtu asiye na wakili: ndani ya muda uliowekwa, gari likirudishwa mara 4 kwa tatizo lile lile bila kupona, au likilala gereji jumla ya siku 30, mtengenezaji anatakiwa kulibadilisha au kurudisha hela. Majimbo yote mengine yakafuata, kila moja na vipimo vyake. Angalia hapo kinachohesabiwa. Si machozi, ni mara na siku. Na mara na siku zinathibitishwa kwa karatasi.

Naruka mengi. Naruka hata giaboksi ya Chrysler ya 1989, A604, iliyokuwa ya kisasa kwa kuendeshwa na kompyuta na ikawa balaa, na sehemu ya balaa ilikuwa mafuta: maelekezo yaliruhusu aina nyingine ya mafuta wakati giaboksi ile ilitaka ya kwake tu. Mafundi wetu wanaojaza "haidroliki yoyote ile, yote ni mekundu" wasome hapo.

Nataka kufika kwenye PowerShift, maana hapo ndipo nilipomkuta shangazi.

Miaka ya 2000 watengenezaji walitaka otomatiki isiyokula mafuta. Yale mabakuli mawili yanapoteza nguvu kidogo. Wazo likawa hili: chukua giaboksi ya mkono ya kawaida, iwekee klachi mbili, moja ya gia 1, 3 na 5, nyingine ya 2, 4 na 6. Kompyuta ndiyo inakanyaga klachi na kuchagua gia. Ukiwa gia ya 2, ya 3 tayari imeshaandaliwa kwenye klachi ya pili, kubadilisha ni kuachia hii na kushika ile. Nyingine ziliogeshwa ndani ya mafuta ili zipoe. Ford ikachagua klachi kavu kwa magari madogo, nyepesi na rahisi zaidi, ikaiita PowerShift. Marekani ilikuja kwenye Fiesta za 2011 na Focus za 2012.

Wewe unayeendesha gia za mkono unajua foleni inavyoua klachi. Kusogea hatua mbili, kusimama, kusogea hatua mbili, klachi inasuguana muda wote, inapata moto, inanuka. Sasa mpe kompyuta kazi hiyo na klachi kavu. Juu ya hapo, kwenye PowerShift kulikuwa na sili zilizovuja mafuta yakadondokea klachi ambazo zilitakiwa zikae kavu. Klachi yenye mafuta haishiki vizuri: inashika, inateleza, inashika. Huo ndio mtetemo. Pia kompyuta ndogo inayoongoza giaboksi ilikuwa inakufa, na ikifa gari linaweza kukosa nguvu katikati ya barabara.

Nilisoma maelezo hayo saa nane usiku, nikaenda dirishani, nikarudi nikasoma tena. Gari la shangazi si Ford, msije mkamsingizia mtu, lakini giaboksi yake ni ya ukoo huo huo wa klachi mbili.

Sasa Australia. Huko magari ya PowerShift, Fiesta, Focus na EcoSport, yaliuzwa yapata 70,000, na karibu nusu yalirudi kutengenezwa giaboksi angalau mara moja. Tume yao ya ushindani na watumiaji, ACCC, iliipeleka Ford Australia mahakamani 2017. Aprili 2018 Mahakama ya Shirikisho ikatoa adhabu ya dola milioni 10 za Australia, na kampuni yenyewe ilikubali kwamba namna ilivyowashughulikia wateja kati ya Mei 2015 na Februari 2016 haikuwa ya haki. Na kosa lilikuwa nini hasa? Si kuuza giaboksi mbovu peke yake. Kosa ni kwamba ilijua mtetemo ni dalili ya ubovu, huku mara nyingi wateja wakiambiwa unatokana na namna wanavyoendesha.

Soma tena sentensi hiyo, halafu mkumbuke yule kijana mwenye tai.

Sikuamini. Nilidhani yule kijana alijitungia siku ile kwa uvivu, kumbe ni sentensi yenye historia, imeshasafiri mabara na imeshapigwa faini ya mamilioni. Wengine huko walikubaliwa kupewa gari jingine, lakini kwa masharti ya kuongeza hela nyingi mfukoni. Kesi nyingine ya kundi la wamiliki, iliyoongozwa na mwanamke mmoja mwenye Focus, ilianza 2016 na ikafika mahakama ya juu kabisa, ambayo ilitoa uamuzi Novemba 2024 kuhusu namna ya kukokotoa hasara: angalia thamani ya gari siku lilipouzwa, lakini kwa macho ya leo, ukijua yote yaliyokuja kujulikana baadaye. Miaka minane kwa ajili ya kigari kidogo. Nilimweleza shangazi, akanyamaza kidogo akasema, "Huyo mama ana moyo. Mimi mkopo wangu unaisha kabla."

Marekani nako walikuwa na yao. Kesi ya kundi ilifunguliwa California 2012 na kuhusu watu karibu milioni 1.9. Ford ilikuwa imeshaongeza muda wa dhamana ya klachi hizo mwaka 2014, hadi miaka 7 au maili 100,000. Makubaliano ya kesi yalipitishwa kwa mara ya mwisho 2020, na malipo yalianza kuhesabiwa kuanzia ziara ya tatu ya matengenezo. Aliyekwenda mara mbili, au aliyekwenda mara tano bila risiti, akawa mtazamaji.

Lakini kilichonigusa mimi kama mwandishi ni gazeti. Julai 2019 Detroit Free Press ilitoa uchunguzi mrefu wa mwandishi Phoebe Wall Howard. Kwa kutumia nyaraka za ndani na mahojiano na waliofanya kazi kule, alionyesha kwamba matatizo ya giaboksi ile yalijulikana ndani ya kampuni tangu kabla magari hayajaingia sokoni. Ford ilisema magari yalikuwa salama na kwamba ilifanya kazi kuyarekebisha. Siku chache tu baada ya habari hiyo, mawakala waliambiwa kwa muda fulani wayatengeneze bure hata yaliyopitwa na dhamana, na mwezi uliofuata dhamana ikaongezwa kwa magari mengine. Hii ni Detroit. Mji ambao kampuni hizi ndizo zilizoujenga, ndizo zinazoajiri wasomaji, na bila shaka zinatoa matangazo. Nilimtumia mhariri wangu habari ile, bila neno la ziada. Aliisoma, naona alama mbili za bluu. Hajajibu mpaka leo.

Na sisi je? Kwa kweli dhamana ya gari kwa wengi wetu ni hadithi, maana magari yetu yanakuja na maisha yao ya kwanza yameshakwisha. Ukinunua yadi, dhamana yako ni kulizungusha mtaa mara mbili ukiwa na fundi unayemwamini, anusie mafuta ya giaboksi kama yanaungua. Lakini sheria ipo. Tuna Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyotokana na ile ya Waingereza ya 1893, inayosema muuzaji wa bidhaa za aina fulani anahesabiwa ameahidi kwamba zina ubora wa kuuzika, aseme asiseme. Tuna na Sheria ya Ushindani ya 2003 iliyoanzisha Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Sheria ya limau hatuna, hakuna anayetuhesabia mara na siku. Tunahesabu wenyewe.

Ndipo nilipomuuliza shangazi swali ambalo ningeuliza siku ya kwanza kama ningekuwa mwandishi mzuri. "Shangazi, karatasi ziko wapi?"

"Karatasi gani?"

Mara tatu alizolipeleka gari, hakupewa hata kipande. Funguo alimkabidhi kijana mkononi, jioni akapigiwa simu aje achukue. Kwenye vitabu vya wakala, gari lile inawezekana kabisa halijawahi kuumwa.

Jumatatu iliyopita tukaenda wote, nikamwomba mhariri ruhusa ya "msiba mdogo". Tulikuwa na barua ya ukurasa mmoja: tarehe tatu tulizozipata kwenye simu yake, kwa kufuatilia namba ya wakala iliyompigia, kilomita kwa kukisia, dalili kwa maneno ya kawaida bila ufundi. Nakala mbili. Shangazi akadai mhuri wa kupokea kwenye nakala yetu. Kijana mwenye tai akasema si utaratibu. Shangazi akavuta kiti, akakaa, akatoa kitenge kwenye mkoba akajifunika magoti kama mtu anayesubiri basi la Songea. Baada ya dakika 40 mhuri ukapatikana.

Kisha nikaomba fundi wao aendeshe gari nasi tukiwa ndani, na si asubuhi ile barabara nyeupe, bali saa kumi na moja jioni, likiwa limeshapata moto. Tukangoja. Barabara ya Mandela ilitusaidia bila kuombwa, foleni kutoka mataa hadi mataa. Fundi, mtu mzima kidogo kuniliko, hakusema kitu kwa dakika 20. Gari likaanza malaria yake. Akaachia breki, likatetemeka. Akajaribu tena, likatetemeka, likaruka, akashika breki haraka nyuma ya bajaji.

"Hapo nilikuwa naendesha vibaya?" shangazi akauliza kutoka kiti cha nyuma.

Fundi akatabasamu kwa mbali. "Hii klachi, mama. Shikamoo."

Tuliporudi aliandika hivyo hivyo kwenye kadi ya kazi, kwa mkono wake, tarehe na kilomita. Nikaipiga picha pale pale kabla haijabadili mawazo, na shangazi akatoa nakala nne stesheni ya jirani. Moja iko kwangu, moja iko kwenye Biblia yake, sijui nyingine. Wakala wamesema wanasubiri jibu la mtengenezaji kuhusu klachi mpya. Siku ya kumi na mbili kuanzia tarehe ya mhuri ni Ijumaa ijayo, na barua ya FCC nimeshaiandika, iko kwenye flashi.

Gari limelala kwa wakala, siku zinahesabiwa kwenye kalenda ya jikoni. Jumamosi kuna harusi Kinyerezi, sufuria zitapanda bajaji mbili, na mimi nimeshapangiwa kushikilia la pilau. Shangazi anapiga simu hapa, ngoja nipokee.